Kirukajani na Maji ya Bibi Ukoka

Zamani, enzi ambazo hata wazee wa wazee wetu walizisikia tu, jani la hindi lilikuwa kijani tupu. Lilianza kijani shinani, likamalizika kijani nchani. Hakuna aliyeijua ile mistari myeupe, myembamba, inayofuatana kama nyuzi zilizochomoka kwenye kitambaa. Mkulima akipanda, alivuna. Mvua ikija alivuna mengi, isipokuja alivuna kidogo, lakini bua halikusimama shambani likiwa hai huku limekwisha kuaga.

Wanangu, mmekuja kunisaidia palizi, Mwenyezi Mungu awalipe, na mmeniuliza kwa nini bua lenye milia nalitaka ling'olewe lote na likafukiwe mbali, hata kama limeanza kubeba. Kaeni basi, mnywe uji. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa na mama mkwe wangu. Nitakwenda polepole, kwa sababu pumzi yangu si ile ya zamani, na jambo lenyewe si la kukimbiliwa.

Katika shamba la kwanza la bonde hili, mahindi walikuwa ukoo mkubwa na mistari ndiyo ilikuwa mitaa yao. Kwenye mstari wa juu aliishi Bua Mkubwa, mzee wa shamba, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kila upepo unapopita. Katikati ya mistari waliishi kina Kunde, watu wa chini, wenye kutambaa na kushika miguu ya wakubwa ili wapate kusimama. Na kule mwisho kabisa, mpakani, mahali ambapo mkulima hugeuza jembe na kurudi, aliishi Bibi Ukoka peke yake.

Bibi Ukoka hakupandwa na mtu. Alikuwepo kabla ya shamba, na jembe lilipokuja lilimkata, naye akaota tena. Lilimkata tena, akaota tena kando kidogo. Mahindi walikuwa wakimsema, tena kwa sauti, ili asikie.

"Jirani gani yule?" walisema. "Hana hata punje moja ya kumtilia mgeni mkononi."

Bibi Ukoka alikuwa na majibu yake. "Nina kivuli cha upana wa kidole, wanangu," alisema. "Mwenye mwili wa kidole na aje." Kisha alicheka peke yake, kwa maana wenzake hawakutaka kucheka naye.

Mwenye mwili wa kidole akaja. Tena hata kidole hakukifikia. Alikuwa Kirukajani, kidudu mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye mabawa yaliyolazwa mgongoni kama paa la nyumba. Mama yake alimweka akiwa yai ndani ya jani la Bibi Ukoka, akaenda zake, na hakurudi. Bibi Ukoka akamlea. Alipofunua macho kitu cha kwanza kukiona kilikuwa lile jani jembamba, na maji ya kwanza kunywa yalikuwa ya mishipa ya bibi yule. Akamwita mama, na Bibi Ukoka hakumkataza.

Nyakati hizo Kirukajani alikuwa kijani mbichi, na alikuwa na sauti. Leo hamjamsikia hata mmoja wenu, lakini zamani alisikika shamba zima. Kazi yake ilikuwa salamu. Asubuhi umande ukianza kukauka aliruka kutoka jani hadi jani, akabisha hodi, akasalimu, akapewa tone la maji kama anavyopewa mgeni yeyote, akaendelea.

"Shikamoo Bua Mkubwa! Naona ndevu zimetoka. Harusi lini?"

"Marahaba, mtoto wa mpakani. Harusi ya nini, na mimi nimeshabebeshwa watoto ubavuni kabla hata ya posa?"

Mistari yote ilicheka. Kirukajani alipendwa, na hilo lazima lisemwe. Lakini alipendwa kama anavyopendwa mpiga ngoma, ambaye akimaliza kupiga hakuna anayemuuliza anakwenda kulala wapi. Yeye mwenyewe hakuliona jambo hilo. Jioni alirudi mpakani, akatua kwenye lile jani jembamba, akamweleza mama yake maneno yote ya siku, nani kachanua, nani kaumwa na funza, Kunde yupi kamzunguka nani. Bibi Ukoka alisikiliza mpaka mwisho. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi yake.

Sasa niwaeleze desturi yao, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Katika shamba lile, aliyekaa na mgonjwa hadi pumzi ya mwisho aliaminiwa amebaki na kitu cha marehemu kinywani mwake. Huenda ni neno la mwisho alilojibu, huenda ni maji ya mwisho waliyoshirikiana. Kitu hicho si kibaya, lakini si cha walio hai. Kwa hiyo mfiwa alifunga kinywa. Hakusema, hakula, hakubisha hodi kwa mtu. Alikaa na maiti wake mpaka jirani aje na maji, ammiminie, naye asukutue na kutema chini, ardhi ichukue chake. Baada ya hapo ndipo alipolia kwa sauti, ndipo watu walipoanza kumlisha. Na mfiwa hakuweza kujimiminia mwenyewe. Maji hayo yalipaswa kutoka mkononi mwa mwingine, ili ajue kwamba bado kuna mwingine.

Na palikuwa na utaratibu wa kwenda. Mtu wa nyumba iliyofiwa alitumwa kwa mzee wa shamba na habari. Mzee ndiye aliyetangulia kumimina, kisha wakafuata wengine kwa umri wao. Mdogo hakumtangulia mkubwa msibani. Ulikuwa utaratibu mzuri, wa heshima, na kwa miaka mingi haukumdhuru mtu yeyote, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na watu.

Mwaka mmoja mvua za vuli hazikufika. Mahindi walikunja majani yao kama mikeka. Jua lilimwangukia kila mtu, lakini aliye mpakani hana wa kumkinga. Bibi Ukoka alianza kuumwa. Kwanza jani lake lilififia, kisha ikatokea juu yake mistari myeupe, mmoja, mwingine, mwingine, kama njia za machozi kwenye uso wenye vumbi. Ulikuwa ugonjwa wake peke yake. Hakuna mwingine aliyekuwa nao shambani kote.

Kirukajani aliacha kazi ya salamu. Alikaa naye. Mistari ya juu ikaulizana, "Yule mpiga kelele yuko wapi leo?" mwingine akajibu, "Labda amepata mke," wakacheka kidogo, kwa kuwa kiu haimruhusu mtu kucheka sana.

Siku ya mwisho Bibi Ukoka alimwita. "Mwanangu, umekunywa?"

"Sina kiu, mama."

"Usinidanganye, nimekulea mimi. Njoo. Yaliyobaki ni haya."

"Yaache, yatakusaidia wewe."

"Mimi nakwenda mahali pasipohitaji maji. Njoo unywe, nisiondoke nikikuacha na kiu."

Akatii. Akatoboa ule mshipa aliokuwa akiutoboa tangu utoto, na likaja tone moja, chungu, zito. Kabla hajalimeza, akaona jani limemlegea miguuni. Akatazama. Bibi Ukoka amekwisha. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake yeye tutarejea.

Kirukajani akafunga kinywa, na lile tone likiwa ndani.

Akasubiri.

Jioni ile alisikiliza nyayo, hakuna. Aliinamisha kichwa, akaweka paji la uso kwenye udongo mkavu, akamwomba Mola wake kimoyomoyo. Alikaa hivyo muda mrefu hata udongo ukamwachia alama mbili nyeusi kichwani. Anazo hadi leo. Asubuhi jua lilipanda, akatazama mistari ya juu. Majani yalicheza kwa upepo, watu wako hai, wanaongea. Akafikiri, wanakuja. Wanachota maji. Maji yenyewe ni shida mwaka huu, ndiyo maana wamechelewa.

Lakini hawakuwa wanakuja, na hii ndiyo sehemu ninayoiona ngumu kuieleza, kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemtakia ubaya.

Bua Mkubwa alikuwa ameliona jani la mpakani limelala. Macho yake yaliona mbali. Alisema, "Naona kama yule bibi ameondoka. Tusubiri habari. Siwezi kuingia msibani pasipo kuitwa, watu watasema mzee amekosa adabu." Nani wa kumletea habari? Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, mmoja amekufa, na wa pili amefunga kinywa kwa desturi ile ile. Bua Mkubwa hakulifikiria hilo. Katika maisha yake yote habari za misiba zilikuwa zikija zenyewe mlangoni kwake.

Mistari ya kati ikasema, "Mzee hajatoka. Sisi tutatangulia vipi?"

Mistari ya chini, iliyo karibu na mpaka, ikasema, "Kama ungekuwa msiba kweli, wa juu wangeshapita hapa."

Wengine walinong'ona kwamba ukoka si zao la shamba, na mwenye jembe akiona wanalia kwa ajili ya ukoka huenda akawahesabu wao pia kuwa ukoka. Huo ulikuwa woga tu.

Alikuwepo Kunde mmoja, mwali mdogo, aliyetambaa karibu kabisa na mpaka. Yeye alimwona Kirukajani kwa macho yake, ameinama. Akamwambia shangazi yake, "Shangazi, yule mtoto amefiwa. Tazama alivyokaa. Mimi nina umande kidogo kwenye kikonyo, naomba nimpelekee."

"We mtoto!" shangazi akamkemea. "Bua Mkubwa hajaenda, uende wewe unayetambaa? Unataka tuambiwe kina Kunde hatukufundwa?"

"Lakini amekaa peke yake, shangazi."

"Watakwenda wenyewe. Tulia, utavunja mashina."

Kunde akatulia. Umande ukakauka kwenye kikonyo chake.

Siku zikapita. Mchana Kirukajani alikaa juu ya jani lililokufa, usiku alikaa juu ya jani lililokufa. Ukoka ulipogeuka rangi ya majani makavu, naye akageuka nao, ule ukijani wake mbichi ukamtoka, akabaki na hii rangi ya nyasi kavu mnayomwona nayo. Na lile tone alilishika. Mwanzoni alilishika kwa sababu ya desturi. Lilikuwa chungu na alitamani mno kulitema. Kisha uchungu ukazoeleka. Halafu akaanza kulijua, kama unavyojua sauti ya mtu ndani ya nyumba hata kama hasemi na wewe. Usiku akiwa na hofu, lilikuwepo. Nani mwingine alikuwepo?

Hatimaye njaa ikamshinda. Akasema moyoni, labda hawajui. Nikienda wataniona, wakiniona watanimiminia. Akaruka. Mabawa yalikuwa mazito, akatua kwenye jani la Bua Mkubwa bila kubisha hodi, kwa sababu hodi hupigwa kwa kinywa.

"Ahaa, mpotevu!" Bua Mkubwa akasema, na kwa kweli alifurahi. "Tulikuwa tukikuulizia. Karibu, mwanangu. Mwaka mbaya huu, ila tone la mgeni halikosekani. Kunywa."

Kirukajani akatikisa kichwa. Akaonyesha kinywa chake kwa mguu wa mbele, akaonyesha chini.

"Nini? Huna kiu?"

Akatikisa kichwa tena, akaonyesha mpakani.

Jirani mmoja wa mstari ule akaingilia. "Haa! Mtazameni. Amekataa maji ya mzee. Ana maana maji ya mpakani ni matamu kuliko ya hapa."

"Mtoto wa ukoka huyu!" akasema wa pili. "Amelelewa na nani wa kumfundisha adabu?"

Kukataa maji nyumbani kwa mtu ni tusi, nanyi mnalijua. Bua Mkubwa akanuna. Labda moyoni alishafahamu ule mguu ulikuwa ukionyesha nini. Labda ndiyo sababu alinuna zaidi, kwa kuwa mtu aliyechelewa msibani huona kila anachoambiwa ni lawama. Akasema kwa ukali, "Kunywa au uondoke. Sitasimama hapa nidharauliwe mbele ya watoto wangu."

Basi Kirukajani akafungua kinywa, akanywa. Na palipoingia maji ya Bua Mkubwa, palitoka kidogo yale ya Bibi Ukoka.

Hakuna kilichoonekana siku ile. Majani yaliyokwisha kufunguka yalibaki kijani. Lakini jani jipya lilipochomoza katikati, changa, limekunjika bado kama karatasi, lilikuja na mistari. Na lililofuata likaja na mistari zaidi. Yule mzee mrefu akaacha kurefuka. Watoto aliowabeba ubavuni walibaki magunzi matupu, bila punje.

Kirukajani alikuwa ameshakwenda kwa wa pili, na kwa wa tatu. Kila nyumba alitua akitumaini. Alitua akaonyesha kinywa, wakamwambia kunywa, akanywa. Hapo hakuwa tena na sauti. Alijaribu kusalimu kama zamani akakuta sauti imekauka, imebaki mnong'ono ambao mtu lazima ainame sana kuusikia. Nao hawakuinama. Mistari ikaanza kuwa na milia, mtaa hadi mtaa, na watu wakafahamu kwa kuchelewa kile walichokifanya, lakini badala ya kusema "tumemwacha", wakasema "ametuletea".

"Mfukuzeni!" walipiga kelele. "Akitua mtikiseni!"

Wakamtikisa. Kila alipotikiswa aliruka, na kila aliporuka alitua mahali pengine.

Hapo ndipo yule Kunde alipoacha kumsikiliza shangazi yake. Alfajiri moja alikusanya umande wote alioweza, akautia kwenye ganda lake kama kibuyu, akatambaa mpaka penye jani alipokuwa Kirukajani. Shangazi alimwita, hakugeuka.

"Kaka," akasema. "Nimekuja kukumiminia. Inua kichwa."

Kirukajani akamtazama. Kunde akainama sana, sikio likafika karibu naye, na hivyo akawa mtu pekee aliyesikia sauti yake ya mwisho.

"Umechelewa, dada."

"Najua nimechelewa. Nilikuona siku ya kwanza. Nilikatazwa, nikakatazika. Nisamehe. Fungua kinywa sasa, uteme, upumzike."

"Ungekuja siku ya kwanza ningetema. Ya pili pia ningetema. Nilikuwa natazama njia. Sasa nimeshakaa naye. Ukinimiminia utaniondolea yeye, na kisha utarudi kwenu, kwa shangazi yako. Mimi nitabaki na nani?"

Mpaka leo sijamsikia mtu mwenye jibu la swali hilo.

"Na hawa wanaokufa?" Kunde akauliza baadaye, kwa upole. "Bua Mkubwa hazai tena. Wale wa chini hawajatoa hata ndevu. Huwaonei huruma?"

"Nawaonea. Sikutaka wafe. Nilitaka nyumba moja tu iseme, na sisi tumefiwa."

Kunde akakaa naye, ganda limejaa maji, mpaka jua likayakausha. Hakumlazimisha. Na kwa kuwa yeye alikuja, ingawa kwa kuchelewa, ule ugonjwa haukumgusa. Ndiyo maana mpaka sasa unaweza kumkuta kunde amesimama mzima, kijani, katikati ya mahindi yaliyojaa milia.

Habari ya kukataa kwake ikafika mistari ya juu. Mahindi walimlilia Mwenyezi Mungu awaondolee kile kidudu. Mama mkwe wangu aliniambia kwamba Mola aliwasikia, na akamsikia pia yule ambaye hakuweza kulia kwa sauti. Hakuteremsha moto wala hakutuma ndege wa kumla. Aliteremsha mvua.

Wengine husema ilikuwa mvua ya ghadhabu. Mimi sikuelezwa hivyo. Ilinyesha siku nzima kwa utulivu, matone madogo, kama mtu anayemwosha mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. Wazee wa shamba walishangaa. Kisha Kunde akafahamu, akapiga kelele, "Kaka! Jitokeze! Anakumiminia Yeye mwenyewe! Asiye na mkubwa wa kumtangulia!"

Ilikuwa kweli. Mfiwa ambaye jirani zake wote walisubiriana, Muumba wake alikuja na maji. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo tu, ainue kichwa, afungue kinywa.

Kirukajani aliyaona matone yakija. Alikaa kidogo, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kama mtu aliye mlangoni. Tone la kwanza likampiga mgongoni. Na yeye, taratibu, akaenda upande upande, kama anavyotembea hadi leo, akazunguka ukingo wa jani, akajishika chini yake, mahali pakavu. Akalifunga lile tone lake kinywani. Mvua ikapita juu yake.

Tangu siku ile mambo yako hivi mnavyoyaona. Kirukajani hana sauti. Ana rangi ya nyasi kavu na alama mbili kichwani. Huzaliwa mpakani, kwenye majani yasiyopandwa na mtu, na mahindi yakichipua huja shambani, akatembelea nyumba moja hadi nyingine, na akishachukua maji yale hayamtoki kinywani maisha yake yote. Ukifunua jani umtazame, atazunguka upande wa pili. Watu husema ni mjanja. Wengine husema ni mwoga. Na lile bua alilolitembelea, mkulima hulitambua kwa majani yake machanga, akaling'oa, akalifukia mbali na wenzake. Ukiliacha kwa kulionea huruma, Kirukajani atalipitia tena na kuupeleka ugonjwa mbele.

Na sisi watu tulijifunza, ingawa waliolipa walikuwa mahindi. Ndiyo maana kwetu hapa habari ya msiba haisubiriwi mlangoni. Ukiona nyumba haitoi moshi asubuhi, unakwenda. Huulizi nani ametangulia. Awe mtoto, awe mgeni aliyehamia jana, awe mtu mnayegombea naye mpaka, anayefika wa kwanza ndiye anayemmiminia mfiwa maji, na mzee akija baadaye humpa mkono wa pole kama mtu mwingine yeyote.

Nilipofiwa na baba yenu, Mola amrehemu, aliyefika wa kwanza alikuwa mke wa jirani wa pale juu, ambaye tulikuwa hatusalimiani naye tangu kesi ya mbuzi. Alikuja na kata ya maji, hajajifunga hata ushungi vizuri. Akaniambia, "Inua uso, dada." Nikainua. Akanimiminia.

Sitawaficha, wanangu. Yalikaa kinywani mwangu kwa muda. Baba yenu alikuwa amelala pale pembeni, na alfajiri ile nilikuwa nimemjibu neno lake la mwisho. Nikafikiri, nikitema nitabaki na nani katika nyumba hii? Yule mwanamke hakuniharakisha. Alisimama na kata yake, akangoja.

Nikatema. Ardhi ikanywa. Ndipo nilipoweza kulia.

Kwa hiyo nikiwa shambani mvua ikaanza, mkaniona nimesimama badala ya kukimbilia kibandani, msidhani nimechanganyikiwa. Naangalia majani. Kila masika Mwenyezi Mungu humimina tena, jani kwa jani, bila kuchoka. Na kila masika nikiinama nikalitazama jani kwa chini namwona pale, mdogo, mkavu, amejishika kwa miguu yote, maji yakimpita pande zote mbili na kudondoka chini.